Karakana Pekee Aliyowahi Kuingia

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mbagala Rangi Tatu kumjulia hali dada yangu. Nilimkuta amefura kwa hasira. Mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne na kupata F ya fizikia, alikuwa kwenye kibanda cha gemu tangu asubuhi. "Kaka, kamtoe wewe," aliniambia. "Wewe ndiye msomi wa ukoo."

Nilikwenda nikiwa na hotuba mdomoni. Sikuitoa.

Kijana hakuwa akipigana. Alikuwa akiunda roboti ya vita. Gemu lenyewe ni Armored Core VI, lililotolewa mwaka 2023 na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo, iliyoanza mfululizo huo mwaka 1997. Mchezaji hukabidhiwa karakana, akachagua kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, jenereta na silaha. Kila kipuri kina uzito wake, na vingi vinakula umeme. Miguu ina kikomo cha mzigo. Na matumizi ya umeme yakizidi uwezo wa jenereta, roboti haitoki karakanani.

Nilimuuliza kwa nini ameondoa kombora kubwa begani.

"Mjomba, nikiliacha nitalibeba, lakini sitakimbia. Na huyu adui anataka mbio."

"Basi mwekee miguu minne."

"Hiyo nayo ni mizito. Kila kitu kina bei yake."

Mimi si mhandisi, lakini nimeketi na wahandisi vya kutosha kujua kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo msingi wa kazi yao. Na aliyeitamka ni kijana tuliyemwandikia F.

Tumezoea kusema kwamba magemu yanawapumbaza watoto. Ni kauli inayotufaa sisi watu wazima, kwa kuwa inatuepusha na swali gumu zaidi: shuleni tulimpa nini cha kuunda? Kwa miaka minne alijibu "taja" na "eleza". Alichora jenereta daftarini. Hakuwahi kufungua hata moja. Karakana pekee aliyowahi kuingia ni ile ya kwenye skrini.

Hatukukosa maandiko. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikwisha kuikosoa mitihani inayopima kumbukumbu tu. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali. Ni jambo jema. Lakini amali isiyo na vifaa ni daftari jingine tu.

Wapo watakaonijibu kwamba gemu hilo ni la vita na linamaliza nauli ya mtoto. Kweli. Tena kila kipuri alichokichagua mpwa wangu kilibuniwa Tokyo. Yeye anapanga tu vilivyobuniwa na wengine. Ndiyo maana sisemi aachwe kibandani. Nasema kumtoa kwa fimbo bila kumpa pa kwenda ni uonevu.

Na pa kwenda papo. Temeke hiyohiyo ina mafundi wanaochomelea na kuongeza bodi za guta, wakikadiria mzigo, ekseli na nguvu ya injini bila kompyuta. Ina VETA Chang'ombe. Ng'ambo ya jiji, Ubungo, kuna vyuo vikuu vyenye mashine ambazo mtoto wa Mbagala huzisikia tu. Kinachokosekana ni mlango ulio wazi kwa kijana asiye na cheti. Tufungue karakana hizo siku moja kwa juma, tumwekee mezani mota mbovu, betri na bisibisi, kisha tumwambie aunde kitu kinachotembea. Akishindwa hapo, ndipo tumwandikie F.

Tulirudi nyumbani magharibi ikiingia. Njiani aliniuliza, "Mjomba, chuoni kwenu kuna karakana?"

"Ipo."

"Naweza kuja kuiona Jumamosi?"

Ilinibidi nimwambie ukweli: Jumamosi hufungwa.