MAONI YETU: Kubofya ‘Endelea’ hakukufanyi fundi wa kompyuta

Tangu Microsoft ikomeshe huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wenye laptopu za mitumba wamebaki na swali: sasa tufanyeje? Nyingi ya mashine hizo, zile unazozipata kwa bei nafuu Luthuli Avenue na Moi Avenue, hazitimizi masharti ya Windows 11. Baadhi ya vijana wameamua kuhamia Linux. Ni uamuzi mzuri. Haikugharimu hata ndururu, na laptopu ya miaka kumi inaamka tena.

Shida ni kwamba ukifika huko unapokelewa na ubishi wa miaka mingi. Kuna wanaokuambia chukua Ubuntu au Mint, chomeka fleshi, bofya ‘Endelea’ mara tano sita, andika jina lako, kunywa chai, umemaliza. Wengine wanakucheka: wewe bado hujajua kitu! Anza na Arch, uandike amri moja moja kwenye skrini nyeusi, ndipo ujue kompyuta ni nini.

Sisi tunasema hivi: mara ya kwanza bofya bila aibu. Lakini kama unataka kompyuta ikuletee ugali mezani, lazima siku moja uisakinishe kwa mikono yako.

Kubofya si dhambi. Ubuntu, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulitoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Mwaka wa 2006 ukaja na programu ya usakinishaji yenye madirisha na vitufe, ambayo mtu angeweza kuifuata bila kuwa mtaalamu. Watu wengi wasingeigusa Linux kama si hivyo. Hata Arch, inayosifika kwa ugumu wake, iliongeza programu ya kumwongoza msakinishaji mnamo Aprili 2021. Mwanafunzi mwenye laptopu ya kuazima na bando la kuhesabu hana haja ya kuteseka ndiyo aonekane mwanamume au mwanamke wa kompyuta.

Tatizo ni kile ambacho kitufe kinakuficha. Mmoja wetu hapa alijifunza hilo kwa machozi akiwa chuoni. Zikiwa zimesalia siku mbili awasilishe mradi wake wa mwaka wa mwisho, aliamua kuweka Linux. Programu ikamuuliza kama ifute diski yote. Akadhani inazungumzia ile fleshi. Akabofya ‘Ndiyo’. Mradi, picha za nyumbani, kila kitu kikaenda. Programu haikuwa na kosa. Ilimuuliza, na yeye hakuelewa swali.

Anayesakinisha Arch kwa mkono hawezi kupita hapo akiwa amelala. Ni yeye anayeorodhesha diski na kuchagua ipi ni ipi. Anaigawa, anaandaa kila sehemu ipokee faili, kisha anaiunganisha na mfumo. Anaipakua mizizi ya mfumo wenyewe, anaunda akaunti, anaweka programu ndogo inayouamsha mfumo kila unapowasha mashine. Akisahau hiyo ya mwisho, anawasha na hakuna kinachotokea. Jioni nzima inaisha hivyo. Lakini kuanzia siku hiyo, kompyuta ya jirani ikikataa kuwaka, ana pa kuanzia kutafuta.

Na hapa tuwaambie ukweli wale wa skrini nyeusi pia. Kunakili amri ishirini kutoka kwenye mwongozo bila kujua hata moja inafanya nini ni kubofya tu, isipokuwa umebofya kwa vidole kumi. Ugumu peke yake haufundishi. Kinachofundisha ni kujiuliza, kabla ya kubonyeza Enter: hii inafanya nini, na nikiiacha nini kitaharibika?

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu kazi ziko huko ndani. Kiini cha Android iliyo mfukoni mwako ni Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi katika orodha ya dunia ya TOP500 zinatumia Linux. Ukikodi seva ya kuwekea tovuti ya mteja wako wa kwanza, mara nyingi utakabidhiwa anwani, nywila na skrini nyeusi. Hakuna kitufe. Mteja anapiga simu saa nne usiku kwamba tovuti imelala, na hapo cheti ulichokibandika ukutani hakitakusaidia.

Huhitaji kuhatarisha laptopu yako ili ujifunze. Weka VirtualBox, programu ya bure inayokuwezesha kuwa na kompyuta bandia ndani ya kompyuta yako. Isakinishe Arch humo wikendi moja, mwongozo wao rasmi ukiwa wazi pembeni. Andika kwenye daftari kila amri na sababu yake. Ikiharibika, ifute uanze upya. Faili zako ziko salama. Ukifaulu, iharibu makusudi, kisha ujaribu kuirekebisha. Na kabla ya kuigusa diski ya kweli, hifadhi nakala ya kazi zako mahali pengine. Hilo halina mjadala.

Baada ya hapo rudi kwenye Ubuntu yako na vitufe vyake ukitaka. Wataalamu wengi hufanya hivyo, maana muda ni pesa. Tofauti ni kwamba siku itakapokuuliza kama ifute diski yote, utajua inazungumzia diski gani.