TAHARIRI: WASIOONEKANA KATIKA PICHA



Milima ya Appalachia, iliyoko mashariki ya Marekani, ni nchi ambayo wengi wetu hatujapata kuikanyaga. Hata hivyo habari zake zinatuhusu. Mwaka 1975 maaskofu Wakatoliki wa sehemu hizo walitoa waraka wa kichungaji juu ya unyonge wa watu wao, maskini waishio juu ya ardhi yenye utajiri mwingi. Ili tuuelewe vema waraka huo, tunawaalika leo kutazama kwanza picha za zamani za huko, yaani picha za wakata miti na za reli.

Picha hizo zimehifadhiwa kwa wingi katika maktaba na nyumba za makumbusho, na nyingi zinafanana. Wanaume wenye mashoka na misumeno ya watu wawili wamejipanga kando ya gogo linalowazidi kimo. Nyuma yao kimesimama kichwa cha garimoshi aina ya Shay, ambacho Ephraim Shay alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1881. Kwa kuwa magurudumu yake yalizungushwa kwa gia, kiliweza kupanda miinuko mikali na kupita juu ya reli zilizotandikwa kwa haraka. Hivyo mabonde ambayo zamani hayakufikika yalifunguliwa. Huko Cass, katika jimbo la West Virginia, kiwanda cha kupasulia mbao kiliendeshwa kwa zamu mbili za saa 11 kila moja, siku sita kwa juma. Ilipofika miaka ya 1920, misitu ya asili ya jimbo hilo ilikuwa karibu imekwisha.

Anayezitazama picha hizo hustaajabia ushujaa wa watu wale, naye hakosei. Lakini na asome pia maneno yaliyoandikwa chini yake. Mara nyingi atakuta jina la kampuni na namba ya garimoshi, wala hatakuta majina ya watu. Chuma kimekumbukwa kwa jina, na aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ameachwa bila jina.

Tena wapo wasioonekana kabisa. Reli ya Western North Carolina ilijengwa kwa sehemu kubwa na wafungwa waliotolewa na serikali ya jimbo, wengi wao watu weusi, miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa nchini Marekani mwaka 1865. Tarehe 30 Desemba 1882, karibu na handaki la Cowee, wafungwa 19 walizama katika mto Tuckasegee walipokuwa wakivushwa kwenda kazini, wakiwa na minyororo miguuni. Anayetazama picha ya reli ikipinda kwa uzuri ubavuni mwa mlima haoni minyororo hiyo.

Je, tuseme basi kwamba picha ni uongo? La hasha. Mwaka 1908 Lewis Hine, aliyetumwa na Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto, alikwenda kwenye migodi ya makaa ya West Virginia akawapiga picha wavulana waliofanya kazi humo. Hakutosheka na picha peke yake. Aliuliza na kuandika habari za watoto aliowakuta: umri wao, kazi yao, saa zao. Picha zake zilikuwa ushahidi katika mapambano marefu, hata sheria ya mwaka 1938 ikaweka mipaka kwa ajira ya watoto katika nchi nzima. Kamera yake ilikuwa kama za wengine. Kilichomtofautisha ni kwamba aliuliza.

Watu wa Appalachia nao walijifunza kuuliza. Wananchi wa kawaida walikwenda wenyewe kusoma daftari za ardhi katika wilaya 80 za majimbo sita, na mwaka 1981 wakatangaza waliyoyakuta: sehemu kubwa ya ardhi na madini ilikuwa mikononi mwa makampuni na watu wasioishi huko. Hapo walielewa kwa nini magogo na makaa yaliondoka kwa garimoshi, na umaskini ukabaki.

Papa Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum mwaka 1891, wakati mashoka yale yakiwa kazini. Alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kuchumia mali. Mafundisho hayo hayajazeeka.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zifanye jambo moja. Tafuteni picha za zamani zilizomo majumbani na parokiani: za ujenzi wa kanisa, za barabara, za mashamba. Waketisheni wazee, waulizeni: Hawa ni nani? Nani alibeba mawe, naye hakuitwa kupigwa picha? Alilipwa nini? Ardhi hii ilikuwa ya nani? Andikeni majina nyuma ya picha wakati wazee wangali hai. Na pale jibu litakapofichua dhuluma isiyorekebishwa, msiliache kwenye karatasi. Lileteni mbele ya Halmashauri ya Walei na Tume ya Haki na Amani.

Mungu alimwuliza Kaini habari za nduguye, naye akajifanya hajui. Sisi tusijibu kama Kaini.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.