Kipimo cha malaria ni safi, mama bado anaumwa

Mama wa Bugwema anashinda shambani, usiku anakesha macho wazi. Kichwa kinamgonga, chakula hakipiti. Anapimwa malaria, hana. Homa ya matumbo, hana. Nyumbani wanasema mvivu, wengine karogwa.

Huenda ni sonona. Damu hupimwa kuondoa sababu nyingine, kama upungufu wa damu, lakini sonona yenyewe haionekani kwenye damu. Hutambuliwa kwa maswali: huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, imedumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku? Amewaza kujiua? (Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.) Basi usiishie kusema "kichwa", taja na usingizi, na tangu lini.

Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote. Dawa hizi si kama panadol. Mdomo kukauka au kichefuchefu huweza kuja siku za mwanzo, nafuu ikachukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi huziacha. Nauli ya kurudi Musoma mjini nayo si mchezo, najua. Lakini asiziache ghafla kabla ya kuongea na aliyemwandikia.

Baba, mpeleke mwenyewe. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake. Mwende siku hiyohiyo.