Roboti, Wii na peja: nani anamsaidia aliyeumia ubongo?

Kila baada ya miezi michache kuna mbunifu wa programu anayetangaza kwamba ametengeneza kitu cha kuwasaidia watu waliopooza. Mara ni glavu yenye nyaya, mara ni mchezo wa kuvaliwa miwani, mara ni roboti. Picha zinavutia na waamuzi wa mashindano hupenda sana. Msimamo wangu ni kwamba vingi kati ya vitu hivi vinajibu swali ambalo mgonjwa hajauliza. Swali lake ni dogo: kati ya leo na siku nitakayorudi kwa fizio, nifanye nini, mara ngapi, na nani atajua nikiacha?

Ngoja nieleze. Kiharusi, au pigo la kichwa kwa mtu aliyeanguka na bodaboda bila helmeti, likiua chembe za ubongo, chembe zile hazioti tena kama nywele. Nafuu hupatikana zaidi kwa sababu sehemu zilizobaki hai hujifunza kufanya kazi ya zile zilizokufa. Watu wa mitandao mtaelewa haraka. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, intaneti yetu haikufa kabisa; mawasiliano yalizungushwa njia nyingine, tukavumilia kasi ya konokono. Tofauti ni kwamba ruta hujifunza njia mpya kwa muda mfupi sana, ilhali ubongo hujifunza kwa kurudia na kurudia. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walichapisha utafiti wa nyani wadogo waliojeruhiwa kidogo sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Waliozoezwa kuchokoa vipande vya chakula kwa vidole walilinda eneo la mkono ndani ya ubongo, na kwa baadhi yao likapanuka hadi eneo lililokuwa la kiwiko na bega.

Sasa, binadamu hurudia mara ngapi? Catherine Lang na wenzake walikaa wakahesabu, wakiangalia vikao 312 vya mazoezi Marekani na Kanada, na matokeo yakatoka 2009. Katika vikao vilivyolenga mkono, wastani wa kufanya kitendo chenye maana, kama kufikia kitu na kukishika, ulikuwa mara 32 kwa kikao. Thelathini na mbili! Mtoto anayejifunza kushika kijiko hufikisha hizo kabla uji haujapoa. Na huko ni kwa wenzetu wenye vifaa. Hapa kwetu wengi bado husema wanaenda "kukandwa". Kukandwa kunapendeza na kuna wakati wake, lakini hapo mkono unaofanya mazoezi ni wa mtaalamu.

Basi roboti ndiyo jibu, si ndiyo? Haichoki wala haidai nauli. Nami ningependa iwe hivyo, kwa kuwa kazi yangu ni programu. Lakini Uingereza walifanya jaribio kubwa la RATULS, wagonjwa 770 wa kiharusi, wakitumia roboti ya mkono iliyobuniwa MIT. Matokeo yalichapishwa 2019: waliofunzwa na roboti hawakuwazidi waliopata huduma ya kawaida katika kuutumia mkono. Kabla ya hapo, 2016, jaribio la EVREST lilichukua watu 141 katika nchi nne. Kundi moja lilicheza Nintendo Wii, kundi lingine likacheza karata, Jenga na mpira kwa muda uleule. Makundi yote yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Karata zilitoshana na Wii! Nikisoma hivyo huwa nawaza bao: kete 64, kuokota na kupanda moja moja shimoni, na mpinzani wa kukucheka ukizembea. Sidai kwamba bao ni tiba. Nasema tu kwamba kabla ya kuagiza mashine kutoka ng'ambo, tuangalie kilichoko barazani.

Kwa upande mwingine, kifaa kilichofaulu vizuri ni glavu tu, tena isiyo na waya hata mmoja. Katika njia ya Edward Taub, mkono mzima hufunikwa sehemu kubwa ya siku ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na mgonjwa hufanyishwa mazoezi kwa saa kadhaa kila siku. Jaribio la EXCITE la 2006, watu 222, lilionyesha faida iliyo wazi baada ya wiki mbili za namna hii. Haimfai kila mtu, kwani lazima kifundo na vidole viwe na mwendo kidogo, hivyo msimfunge mzee soksi mkononi kabla ya kuonana na mtaalamu.

Teknolojia ninayoiheshimu kuliko zote hapa ni peja. Mnazikumbuka peja? Larry Treadgold alikuwa mhandisi huko California, na mwanawe aliumia ubongo. Akishirikiana na mwanasaikolojia Neil Hersh alibuni NeuroPage: kompyuta inatuma ujumbe kwa saa iliyopangwa, peja inalia kiunoni, na mtu anasoma "kunywa dawa" au "fanya mazoezi". Basi. Jaribio la Barbara Wilson lililochapishwa 2001 Uingereza, watu 143, lilionyesha kwamba wengi walianza kutimiza shughuli zao vizuri zaidi. Mtu aliyeumia kichwa mara nyingi si mvivu kama jirani anavyodhani. Kumbukumbu yenyewe ndiyo iliyojeruhiwa, na karatasi ya mazoezi aliyopewa ameshaisahau kwenye mfuko wa koti.

Hapa najua kuna atakayekimbilia kuandika programu inayotoa alama kwa kila rudio, uchovu au maumivu shauri yako. Polepole, ndugu. Lang huyohuyo 2016 alijaribu dozi tofauti za marudio kwa watu waliopitisha miezi sita tangu kiharusi, na dozi kubwa haikuleta nafuu kubwa zaidi. Jaribio la AVERT la 2015, watu zaidi ya 2,000, lilionyesha kwamba kuwasimamisha wagonjwa mara nyingi mno ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Na India, 2017, jaribio la ATTEND liliwafunza jamaa wa wagonjwa kufanya mazoezi nyumbani; baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti na huduma ya kawaida. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba video ya YouTube na shangazi mwenye moyo mzuri vinatosha.

Anayehitajika ni mtaalamu anayeona kinachotendeka nyumbani na kubadilisha mpango. Sisi hatuwezi kusaka hitilafu kwenye seva isiyo na logi. Fizio anaombwa afanye hivyo kila wiki: mgonjwa anarudi, anaulizwa "ulifanya?", anajibu "nilijaribu", na mazungumzo yanaishia hapo.

Ningejenga kitu cha SMS kinachofanya kazi hata kwenye mulika mwizi. Saa tatu asubuhi ujumbe unaingia: zoezi moja, lenye jina la kitu cha nyumbani, kikombe au kifungo cha shati. Jioni mgonjwa au mlezi anajibu kwa tarakimu mbili, amefanya mara ngapi na maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya 0 na 10. Ni habari za afya, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika na ridhaa iombwe mapema. Mtaalamu anapata ukurasa mmoja wa grafu kabla ya kikao. Siku tatu zikipita bila jibu, mfumo usitume vikumbusho vingine kumi. Umwonyeshe mtaalamu namba ya simu, naye apige.