Kura Hupigwa Nyumbani

Katika siasa za Marekani iko desturi moja ambayo yafaa wanachama wetu waifahamu. Kila uchaguzi unapokaribia, wahafidhina wa nchi ile, yaani wale wanaotaka serikali isitie mkono wake katika mali na biashara za watu, huchagua viongozi wachache wa chama cha Democratic ambao wanatamani kuwaona wakianguka kuliko wengine wote. Majina ya viongozi hao hutajwa kila siku, na fedha huchangwa kutoka pembe zote za nchi ili waondolewe. Mtu wa Texas hutoa dola zake ili aangushwe mtu wa Nevada ambaye hajapata kumwona hata siku moja.

Mwaka 2010 majina mawili yalisikika mno. La kwanza ni la Bibi Nancy Pelosi wa California, Spika wa Baraza la Wawakilishi. La pili ni la Bwana Harry Reid wa Nevada, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Senate. Hawakuchukiwa kwa sababu ya sura zao. Wao ndio walioipitisha Bungeni sheria ya bima ya matibabu, ambayo Rais Obama aliitia sahihi tarehe 23 Machi mwaka ule. Sheria hiyo iliwagusa wenye kampuni za bima na wenye mapato makubwa, na aliyeguswa hakukaa kimya.

Juu ya Bibi Pelosi, chama cha Republican kilipamba basi zima kwa maneno ya kutaka afukuzwe kazi, likazungushwa nchini. Chama chake kilipoteza viti 63, naye akakiacha kiti cha Spika. Lakini katika jimbo lake mwenyewe, San Francisco, alipata kura 80 kwa mia, na mwaka 2019 akarudi katika kiti kile kile. Kwake yeye dua la kuku halikumpata mwewe. Waliolipa gharama ya hasira ile ni wenzake wa majimbo mengine, ambao nyumbani kwao hawakuwa na mizizi kama yake.

Habari ya Bwana Reid ina mafunzo zaidi. Alikuwa mtoto wa mchimba madini, aliyezaliwa katika kijiji cha Searchlight. Mwaka ule wa 2010 Nevada ilikuwa katika dhiki kubwa: watu zaidi ya 14 katika kila 100 wenye kutafuta kazi hawakuwa nayo, na maelfu walikuwa wakinyang'anywa nyumba zao na mabenki. Wapimaji wa maoni ya watu walikwisha kusema kwamba Bibi Sharron Angle wa chama cha Republican angemshinda. Ni kweli kwamba Bibi Angle alijidhuru kwa kinywa chake mwenyewe, kwa kusema kwamba mpango wa serikali wa pensheni za wazee uondolewe hatua kwa hatua. Lakini maneno mabaya ya mpinzani hayamtoi mtu nyumbani kwake kwenda kupiga kura.

Waliowatoa watu nyumbani ni wafanyakazi. Katika mji wa Las Vegas kipo chama cha wafanyakazi wa mahoteli, tawi namba 226, chenye wanachama makumi ya maelfu: wapishi, wahudumu wa mezani, na akina mama wanaotandika vitanda vya wageni. Wengi wao ni wahamiaji. Hao ndio waliokwenda mlango kwa mlango baada ya zamu zao, wakizungumza na jirani na mwenzi wa kazini, wakihakikisha kwamba kila mmoja anakwenda kituoni. Tarehe 2 Novemba Bwana Reid alishinda kwa kura zaidi ya 41,000. Fedha za mbali zilikuwa nyingi, lakini miguu ya nyumbani ilikuwa mingi zaidi.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba kuchukiwa na wapinzani ni kinga. Bwana Tom Foley, aliyekuwa Spika, alikuwa ameliwakilisha jimbo lake kwa miaka 30. Raia wa Washington walipopiga kura ya kuweka mwisho wa muda wa wabunge wao, yeye aliingia katika kesi ya kuipinga kura hiyo; na mwaka 1994 wakamwangusha. Bwana Tom Daschle wa South Dakota, kiongozi wa chama chake katika Senate, alishindwa mwaka 2004 kwa kura 4,508 tu, baada ya wapinzani wake kuhubiri kwamba amekuwa mtu wa mji mkuu na si mtu wa nyumbani tena. Wahenga walikwisha kusema, mkataa kwao mtumwa. Na tuangalie pia aliyemshinda: Bwana John Thune alikuwa ameshindwa miaka miwili kabla yake kwa kura 524. Hakukaa akilia, alirudi kwa wananchi.

Basi twasema haya kwa viongozi na kwa wanachama. Kiongozi asijivune akasema, "Adui ananichukia, kwa hiyo mimi ni mwema." Adui hapigi kura katika jimbo lake. Wanaopiga ni wale ambao yeye anawajua kwa majina au amekwisha kuwasahau. Nasi wanachama tusidhani kwamba kumlaani mpinzani barazani kutwa nzima ni kazi ya siasa. Jambo hilo halimwandikishi mpiga kura hata mmoja.

Kila mfanyakazi ajiulize mambo mawili anaposikia jina fulani likitukanwa kila mahali: ni sheria gani iliyomletea chuki hiyo, na ni nani anayelipa gharama za matusi hayo? Akishapata jibu, aende kwa jirani yake wa kushoto na wa kulia. Mama mtandika vitanda wa Las Vegas hakuwa na gazeti wala basi la kupamba. Alikuwa na chama chake, na alikijua kila chumba katika nyumba za jirani zake.