Chuo cha Nairobi? Uliza Kwanza Utalala Wapi

Kila matokeo ya KCSE yakitoka na tovuti ya KUCCPS ikafunguliwa, hunijia swali lile lile kutoka kwa vijana wanaopenda kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wako wa Kiswahili yu karibu). Halihusu lugha ya kuandikia programu wala bei ya laputopu. Wanauliza: nikichagua chuo cha Nairobi nitapata marafiki, au nitapotea tu?

Haya basi, maoni yangu ni haya. Hofu hiyo ina msingi, ila wengi wanaogopa kitu kisicho chenyewe. Wanaogopa Sheng. Wanaogopa watoto wa shule za bei ghali ambao wamekuwa na kompyuta nyumbani tangu wakiwa wadogo. Wanaogopa kuchekwa lafudhi ya Kwale au ya Lodwar. Halafu wakisikia kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, tumbo linazidi kuwasokota.

Sheng utaielewa kabla muhula wa kwanza haujaisha. Lafudhi yako watu wataicheka wiki mbili, kisha watazoea. Na wale wa kompyuta za nyumbani? Sikatai, wana mwanzo mzuri. Lakini ukisahau nukta mkato kwenye C, kompaila haiulizi ulisomea wapi.

Kinachoamua kama utapata watu wako ni umbali kati ya kitanda chako na darasa.

Si mimi wa kwanza kusema. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu nyumba za wanafunzi wa MIT, huko Marekani. Waliwauliza wakaazi marafiki zao ni akina nani. Kwenye majengo ya ghorofa, waliopakana mlango kwa mlango walitajana kwa asilimia 41. Waliokaa ncha mbili za ghorofa ile ile, asilimia 10. Hebu fikiria: jengo ni moja, ghorofa ni moja, tofauti ni hatua chache tu!

Sasa leta jambo hilo Nairobi. Mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyepata hosteli kando ya State House Road anatembea kwa miguu hadi Chiromo. Mwenzake wa darasa hilo hilo anakaa kwa shangazi huko Rongai au Kitengela. Ikifika saa kumi na moja jioni, huyu wa pili anaanza kutazama saa. Akichelewa nauli inapanda, na mvua ikinyesha ndiyo basi kabisa. Anabeba mkoba anaondoka. Kazi ya kikundi inafanywa saa tatu usiku, kwa chai na chapati, na hapo ndipo utani wote wa darasa unapozaliwa. Kesho yake wenzake wanachekea jambo ambalo yeye halijui. Muhula ukiisha wanasema, "Yule ni mpole sana." Wala si mpole. Ni msafiri.

Piga hesabu mwenyewe. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, siku tano kwa wiki: saa 15. Hizo zinatosha kuandika programu nzima, na kugombana na rafiki mkapatana.

Wazazi hupenda kwa shangazi, na nawaelewa. Ni salama, chakula kipo, kodi hakuna. Lakini gharama haijaondoka, imehamishiwa kwa kijana, na haionekani kwenye karatasi ya karo.

Faida ya jiji nayo ni kubwa, tusiifiche. Katika chuo cha mji mdogo marafiki unapewa, jijini unawachagua. Ukiwa na uchu wa kitu cha ajabu kidogo, tuseme Linux au roboti, mahali padogo unaweza kuwa peke yako. iHub ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010, watu wa aina hiyo walipata pa kukutania. Ila mikutano ya namna hii mara nyingi ni jioni, na tumerudi pale pale kwenye matatu. (Ya kuandika programu pekee, jiji si lazima: baadhi ya walioanzisha Ushahidi mwaka 2008 walikuwa nje ya Kenya, na walifahamiana kupitia blogu.)

Kwa hiyo kabla ya kujaza chaguo lako, ulizia chuo kama mwaka wa kwanza wana uhakika wa kitanda. Kikiwepo, au kuna chumba cha kukodi karibu ambacho nyumbani wanakimudu, nenda Nairobi bila wasiwasi. Kisipokuwepo, mimi ningechagua Juja, ambako wanafunzi wengi wa JKUAT hukodi vyumba karibu na lango la chuo, au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, hata kama jina la Nairobi linapendeza zaidi kijijini.

Na kama umeshapangiwa Nairobi na kwa shangazi ndiko kuliko, wahi kikundi chako mapema, wiki ya kwanza, kabla hawajazoeana bila wewe. Ng'ang'ania mkutane saa saba mchana badala ya saa tatu usiku. Chapati za mchana nazo zipo.