Kiazi kigeni kianzie nyuma ya nyumba, si kwenye gunia

Mipakani, viazi mviringo hubishaniwa kwa uzito. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, na Tanzania nayo imepiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Jambo lisilobishaniwa ni jina la kiazi kilichomo ndani. Gunia linavuka Cyanika, Busia au Namanga likiitwa "viazi" tu. Mwenye gunia mara nyingi anajua zaidi ya hapo, lakini hakuna anayemuuliza.

Anapaswa kuulizwa, kwa sababu hasara nyingi za biashara hii zimefichwa kwenye jina. Mfano ni Shangi, kiazi kinachotawala masoko ya Kenya. Kilienea kwanza mikononi mwa wakulima wenyewe, kabla ya kuingizwa kwenye orodha rasmi ya mbegu. Kinakomaa ndani ya takribani miezi mitatu, kinaiva upesi jikoni bila kumaliza makaa, na mwenye kibanda cha chipsi anakipenda. Lakini hakina usingizi: wiki chache baada ya kuchimbwa kinaanza kuchipua. Kwa mkulima anayetaka kupanda tena mara moja, hiyo ni baraka. Kwa mfanyabiashara aliyekirundika ghalani akisubiri bei ipande, ni fedha inayoota mizizi mbele ya macho yake.

Zaidi ya hayo, kiazi kimoja hubadilisha jina kikivuka mpaka. Kile Waganda wanachokiita Victoria, chenye ganda jekundu, ndicho Wakenya wanachokiita Asante. Kwenye vitabu vya Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, vyote viwili ni namba 381381.20. Cruza 148 ya Rwanda, ikifika Burundi, inaitwa Ndinamagara. Kwa hiyo mama anayeshawishiwa Busia kulipa zaidi kwa "aina mpya kutoka Kenya" huenda analipia kiazi anachopishana nacho kila wiki barabara ya Kabale. Hajaibiwa kwa mizani. Ameibiwa kwa jina, na hakuna ofisa wa vipimo atakayemsaidia.

Kinga yake ni ndogo na iko karibu: bustani nyuma ya nyumba. Mfanyabiashara anayesikia habari za aina asiyoijua asianze na magunia ishirini. Aanze na mistari miwili ya mbegu safi, na mstari wa tatu wa aina aliyoizoea, upandwe siku hiyo hiyo, udongo ule ule, mbolea ile ile. Bila huo mstari wa tatu hatajua kama ubora ni wa kiazi au wa mvua. Mbegu iwe na ukubwa wa yai la kuku, iwekwe kwanza kwenye mwanga hafifu mpaka itoe machipukizi mafupi, manene, yenye rangi. Ile iliyofungiwa gizani hutoa nyuzi ndefu nyeupe zinazokatika wakati wa kupanda. Sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo zinatosha. Udongo upandishwe kwenye shina mara mbili, maana kiazi kinachopigwa na jua hugeuka kijani na kuwa na sumu. Hilo wanalijua hata wauzaji wanaoanika mafungu yao juani kutwa nzima, ingawa wengi wao hujifanya hawalijui.

Miezi mitatu au minne baadaye, bustani hiyo itakuwa imejibu maswali ambayo muuzaji wa jumla hajibu. Ukungu wa majani, ambao wakulima wa Tanzania wanauita bakajani, ulikishika kiazi kipi kwanza? Kipi kilikaa ghalani wiki sita bila kuchipua? Kipi kilikaangika bila kuwa cheusi, kipi kilivunjika sufuriani? Na je, kimezaa kabisa? Usiku wenye joto la zaidi ya nyuzi 20 humzuia mmea wa kiazi kutengeneza viazi, hata kama majani yamestawi vizuri. Aina iliyosifiwa Musanze yaweza kuwa majani matupu kwa mtu wa Bujumbura, kando ya ziwa. Aina kama Unica, inayovumilia joto kuliko nyingi, inastahili kujaribiwa huko kabla ya ile inayosifiwa milimani.

Wapo wanaodhani kiazi kigeni ni lazima kiwe cha zambarau, cha kuonyesha wageni. Milima ya Andes ina aina za asili zaidi ya 4,000, za kila rangi na umbo, na anayezipenda apande. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, kiazi kigeni ni kile ambacho soko lake halijakijua na jirani yake wa ng'ambo anakijua tangu utotoni. Kinigi kilipewa jina la eneo lililo chini ya volkano za Rwanda. Kwa mnunuzi wa Mwanza jina hilo halimwambii chochote bado. Biashara iko hapo.

Shida ni jinsi mbegu hiyo ya majaribio inavyofika bustanini. Mara nyingi haifiki kama mbegu. Mtu ananunua viazi vya kula ng'ambo, anavutiwa navyo, anachagua vidogo vidogo vilivyobaki na kuvifukia. Mdogo huo mara nyingi ndio mtoto wa shina lililokuwa mgonjwa. Pamoja nao unaingia mnyauko wa bakteria, ugonjwa ambao hauna dawa ya kunyunyiza na hubaki kwenye udongo kwa miaka. Ukishaingia, nyanya, biringanya na pilipili za bustani ile ile nazo zimo hatarini. Mwaka 2015 Kenya ilithibitisha pia minyoo midogo ya mizizi ya viazi katika Kaunti ya Nyandarua, ambayo vifuko vya mayai yake hukaa ardhini miaka mingi na husafiri na tope lililoganda kwenye kiazi.

Ubaya wa mnyauko ni kwamba hauonekani kila mara. Cruza, au Ndinamagara, inasifiwa kwa sababu inauvumilia: mmea unasimama wakati mingine imelala. Lakini kuvumilia si kutokuwa nao. Kiazi chake chaweza kuonekana kizima kabisa na kubeba bakteria ndani, kikazalisha ugonjwa katika shamba la jirani aliyepanda Victoria, ambayo haina uvumilivu huo. Mwenye Cruza ataendelea kuapa kwamba mbegu yake ni safi, na atakuwa anasema kwa nia njema.

Dalili nyingine, hata hivyo, macho ya sokoni yanaweza kuziona. Kiazi chenye udongo ulioganda machoni, usiotoka kwa kufutwa, ni cha kushukiwa, kwa sababu ute wa ugonjwa ndio gundi yake. Kikikatwa katikati kikaonyesha duara la kahawia na kutoa maji kama maziwa, gunia hilo lisiende shambani kwa jina lolote. Bustanini, shina lililonyauka likiwa bado kijani hukatwa na kuninginizwa kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, uzi mweupe ukishuka kutoka kwenye mkato, jibu limepatikana. Mmea huo ung'olewe na udongo wake, na viazi vyake visitupwe kwenye mboji wala maganda yake yasimwagwe bustanini. Mahindi, maharage au kabichi vichukue nafasi hiyo kwa misimu kadhaa. Mimea iliyobaki yenye afya iwekewe vijiti kabla majani hayajaanza kukauka, ichimbwe peke yake, na hiyo ndiyo iwe mbegu ya msimu ujao.

Maofisa wa afya ya mimea wana haki ya kuogopa, basi. Sheria kwamba kitu cha kupandwa kisivuke bila kibali na cheti si ya kumkomoa mtu. Kosa lake ni kwamba imeshonwa kwa kipimo cha lori. Kampuni inayoingiza tani kadhaa za mbegu ina karani wa kufuatilia karatasi mjini. Mwanamke anayevuka Petite Barrière kati ya Rubavu na Goma na beseni kichwani hana karani, na kilo tano za mbegu hazilipi nauli ya kwenda kutafuta kibali. Kwa hiyo anazichanganya chini ya viazi vya kula, na hapo ofisa anapoteza kile alichokuwa anakilinda. Sheria imemzuia mwaminifu peke yake, na ugonjwa umevuka.

Mlango mdogo unawezekana. Vituo vya utafiti vipo karibu na mashamba haya: Tigoni upande wa Kenya, Kachwekano huko Kabale, Uyole Mbeya, Musanze upande wa Rwanda. Miche ya viazi iliyokuzwa kutoka maabara tayari inauzwa kwa wakulima katika baadhi ya nchi hizi. Kinachokosekana ni mfuko mdogo, wa kilo mbili hadi tano, uliofungwa na kupigwa muhuri na nchi inapotoka mbegu, wenye jina la kiazi kwa majina yake yote ya pande zote mbili, na unaotambuliwa na ofisa wa upande wa pili bila safari ya mji mkuu. Ada yake isizidi bei ya mbegu zenyewe. Mfuko usio na muhuri unyang'anywe, na hapo hakuna atakayelalamika kwamba hakupewa njia.

Cyanika pangefaa kuanzia. Milima ya Kisoro na ya Musanze inatazamana pale, mvua yao ni moja, na viazi vyao vinavukana kila siku ya soko. Msimu mmoja wa kupanda unatosha kuhesabu ni mifuko mingapi yenye muhuri imepita na ni beseni ngapi zimekutwa na mbegu chini.